Njia ya Mwongo ni Fupi: Kiswahili na Vipimo vya Njia za Mtandao

Utangulizi

Kwa miaka mingi wanaisimu wa Kiswahili wamejadiliana kuhusu majina ya vyombo. Mjadala wa ngamizi, tarakilishi na kompyuta umejaza kurasa za majarida, umepasha joto makongamano, na hadi leo kuna wanaoamini kwamba hatima ya lugha yetu katika sayansi itaamuliwa na jina la mashine moja. Simlaumu yeyote aliyeshiriki mjadala huo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, umetuchelewesha. Tumeshughulikia jina la chombo tukasahau kazi ya chombo.

Tuchukue mfano wa istilahi "kipanga njia", yaani kile kifaa kinachopokea data za mtandao na kuamua zipitie wapi. Istilahi hii ni nzuri: ni fupi, imeundwa kwa kanuni za lugha, na maana yake inaonekana waziwazi. Lakini mwulize mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu: kipanga njia hupanga njia kwa kufuata nini? Hujuaje kwamba njia hii ni bora kuliko ile? Aghalabu jibu ni kimya. Jina analo, maarifa hana. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi isiyofumbata utendakazi wa kitu ni ganda lisilo na kiini. Yanashikilia pia kwamba suala la vipimo vya njia si la wahandisi peke yao, kwa sababu anayechagua kipimo ndiye anayeamua nani yuko karibu na nani yuko mbali.

Njia mbili za kwenda Mbita

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Msafiri anayetoka Kisumu kwenda Mbita ana njia mbili kuu. Ya kwanza huzunguka Ghuba ya Winam kwa upande wa kusini: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, kisha Mbita. Ya pili hushika upande wa kaskazini kupitia Kisian na Ndori hadi Luanda Kotieno, ambako msafiri hupanda feri na kuvuka mdomo wa ghuba.

Je, njia iliyo fupi ni ipi? Swali hili halina jibu mpaka tukubaliane tunapima nini. Anayehesabu kilomita atakuwa na jibu lake. Anayehesabu saa atauliza kwanza feri inaondoka lini. Mfanyabiashara atahesabu nauli na gharama ya kupakia na kupakua mizigo. Anayeogopa maji hatahesabu chochote. Atapita barabarani na mjadala utakuwa umekwisha. Fauka ya hayo, hata kipimo kikishakubaliwa, thamani yake hubadilika. Tangu miaka ya 1990 gugu-maji limekuwa likielea katika ghuba hii likisukumwa na upepo, na gati lililokuwa wazi asubuhi laweza kuzibwa kabla ya jua kutua. Msafiri mwenye busara hatosheki na ramani. Huuliza pia habari za leo.

Anayeyaelewa haya amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya kipanga njia. Kifaa hiki hakioni mtandao mzima kutoka juu kama ndege aonavyo ziwa. Huona majirani wake tu, yaani vifaa vilivyounganishwa nacho moja kwa moja. Ili kitume data mbali, kinahitaji mambo mawili: kipimo cha kulinganisha njia, na utaratibu wa kupashana habari na wenzake. Utaratibu huo ndio tunaouita itifaki, na kwa hakika hapa Kiswahili hakikukosea. Itifaki ni makubaliano. Mashine mbili zisizokubaliana juu ya maana ya "karibu" haziwezi kuelekezana njia, kama vile watu wawili wanaovyohesabu saa kwa namna tofauti wasivyoweza kukutana kwa miadi.

Masimulizi

Itifaki kongwe na rahisi miongoni mwa zinazofundishwa vyuoni ni ile ijulikanayo kwa herufi RIP, iliyowekewa maelezo rasmi mwaka 1988. Kipimo chake ni kimoja tu: hatua. Kila kipanga njia ambacho data hupitia huhesabiwa kuwa hatua moja. Upana wa njia, kasi yake na msongamano wake havihesabiwi hata kidogo. Kila baada ya sekunde 30 kifaa huwaambia majirani wake: "Mimi naweza kufika pahali fulani kwa hatua kadhaa." Jirani hupokea, huongeza moja, huandika katika jedwali lake, naye huwasimulia wengine. Kikomo ni hatua 15. Hatua 16 maana yake ni kwamba pahali hapo hapafikiki.

Tubuni mtandao mdogo wenye vipanga njia vitatu vilivyopangwa kwa mstari: Kisumu, Homa Bay na Mbita. Homa Bay inajua kwamba Mbita iko hatua 1. Kisumu, kwa kusimuliwa na Homa Bay, inajua kwamba Mbita iko hatua 2. Sasa waya kati ya Homa Bay na Mbita ukatike. Kabla Homa Bay haijatangaza msiba huo, inasikia Kisumu ikisema: "Mimi nafika Mbita kwa hatua 2." Homa Bay haijui kwamba habari hiyo ilitoka kwake yenyewe. Inafurahi, inaandika hatua 3. Kisumu inasikia 3, inaandika 4. Homa Bay inaandika 5. Wanaendelea kudanganyana hivyo, bila mmoja wao kukusudia uongo, mpaka hesabu ifike 16 ndipo wote watambue kwamba njia imekufa. Wakati huo wote data zinazokwenda Mbita zinarushwa huku na huko baina ya Kisumu na Homa Bay kama mpira.

Dawa iliyobuniwa ni ya adabu zaidi kuliko ya hesabu: usimrudishie mtu habari aliyokupa yeye mwenyewe. Kanuni hiyo huzuia kosa la majirani wawili, ingawa haitoshi pale masimulizi yanapozunguka miongoni mwa watatu au zaidi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangaa. Anajua kwamba tetesi ikizunguka mji humrudia aliyeianzisha ikiwa imevaa mavazi mapya, naye akaiamini.

Ramani

Njia ya pili ya kupashana habari ni tofauti kabisa. Katika itifaki ya OSPF, ambayo toleo lake linalotumika sana lilirasimishwa mwaka 1998, kipanga njia hakisimulii umbali wa mahali pa mbali. Kinasema jambo moja tu ambalo kina hakika nalo: "Majirani wangu ni hawa, na gharama ya kuwafikia ni hii." Taarifa hiyo hupelekwa kwa kila kifaa katika eneo zima bila kubadilishwa. Kila kimoja hukusanya taarifa zote, huchora ramani ileile, kisha hukokotoa chenyewe njia zenye gharama ndogo. Mbinu ya ukokotoaji ilibuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956 alipojiuliza jinsi ya kupata njia fupi ya kutoka Rotterdam hadi Groningen; aliichapisha mwaka 1959, kabla mtandao wowote wa aina hii haujakuwako. Barabara za watu zilitangulia, mashine zikafuata.

Kipimo nacho kimebadilika. Katika OSPF gharama kwa kawaida hutokana na upana wa njia: huchukuliwa kiwango cha marejeleo, ambacho kwa desturi ni megabiti 100 kwa sekunde, kikagawanywa kwa upana wa njia husika. Njia ya megabiti 10 hugharimu 10; ya megabiti 100 hugharimu 1. Turudi kwenye mtandao wetu wa kubuni na kuupanua. Kutoka Kisumu hadi Mbita kupitia Homa Bay kuna hatua mbili, kila moja ya megabiti 10. Kupitia Bondo na Luanda Kotieno kuna hatua tatu, kila moja ya megabiti 100. RIP itachagua Homa Bay, kwa kuwa mbili ni chache kuliko tatu. OSPF itachagua upande wa Bondo, kwa kuwa 3 ni ndogo kuliko 20. Ufuo ni uleule, nyaya ni zilezile. Kilichobadilika ni kipimo tu, na data zote zimehamia upande wa pili wa ghuba.

Hata kipimo hiki kina umri. Njia ya megabiti 1,000, kwa kiwango kilekile cha marejeleo, ingestahili gharama ya sehemu moja ya kumi. Lakini gharama ni lazima iwe nambari kamili, na ndogo kabisa ni 1. Kwa hiyo, fundi asipobadilisha kiwango cha marejeleo, njia mpya yenye upana mara kumi huhesabiwa sawa na ya zamani. Rula ya jana haioni barabara ya leo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tusipime hali halisi ya njia, msongamano na ucheleweshaji wake, dakika kwa dakika? Jambo hilo lilijaribiwa. Katika ARPANET, mtandao wa Marekani ulioitangulia intaneti, kuanzia mwaka 1979 vipanga njia vilipima ucheleweshaji halisi na kuchukua wastani wa kila sekunde 10. Mtandao ulipokuwa na shughuli chache, mambo yalikuwa shwari. Ulipolemewa, kila mmoja aliona njia iliyo wazi kwa wakati mmoja, wote wakaikimbilia, ikasongamana, wakaihama wote pamoja na kurudi kule walikotoka. Mwaka 1987 ilibidi kipimo kirekebishwe ili kisibadilike kwa pupa. Wahenga walikwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Habari mpya ni nzuri, lakini mtandao unaoshtuka kwa kila habari hautulii.

Silsila

Itifaki ya tatu, BGP, ndiyo inayounganisha mitandao ya kampuni, vyuo na nchi mbalimbali duniani. Kila mtandao mkubwa huhesabiwa kuwa mfumo unaojitawala wenye nambari yake. Mfumo unapotangaza kwamba unaweza kufika mahali fulani, hautaji umbali peke yake; hutaja orodha nzima ya mifumo ambayo habari hiyo imepitia. Msomaji anayejua elimu ya hadithi za Mtume ataitambua mara moja: hii ni isnadi. Fulani amepokea kwa fulani, naye amepokea kwa fulani. Mfumo ukiona nambari yake katika silsila, hukataa habari hiyo, kwa kuwa unajua imezunguka na kumrudia mwenyewe. Ugonjwa wa Kisumu na Homa Bay umepata tiba.

Hata hivyo, silsila fupi si lazima ichaguliwe. Kabla ya kuhesabu urefu wake, BGP huangalia upendeleo uliowekwa na mwenye mfumo. Kampuni yaweza kuamua kwamba data zipitie kwa mteja wake anayelipa, hata kama silsila ni ndefu, kuliko kwa kampuni nyingine inayopaswa kulipwa. Hapa kipimo si hatua wala upana. Ni biashara, mkataba na wakati mwingine siasa.

Tena, silsila haithibitishi ukweli. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan, ikitekeleza amri ya kuzuia YouTube nchini humo, ilitangaza kwamba yenyewe ndiyo njia ya kufikia sehemu ya anwani za YouTube. Tangazo hilo lilivuja nje ya nchi. Kwa kuwa tangazo mahususi zaidi hushinda la jumla, mifumo mingi duniani ililiamini, na kwa muda wa takriban saa mbili data za YouTube zilimiminika Pakistan zikapotelea huko. Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Walikusudia kwamba uongo haudumu, na kweli haukudumu. Lakini katika mtandao methali hii ina maana ya pili inayotisha: anayetaka kuvuta data za wenzake anahitaji tu kudai kwamba njia yake ni bora kuliko zao. Tangu wakati huo vimeanzishwa vyeti vya kidijitali vya kuthibitisha ni mfumo upi wenye haki ya kutangaza anwani zipi. Kwa lugha ya wanazuoni, isnadi sasa ina wahakiki.

Hesabu sahihi, njia potofu

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Kabla ya kuwako kituo cha kubadilishana data nchini Kenya, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya mtandao kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata wote wawili wakiwa mtaa mmoja wa Kisumu, ilipanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka ng'ambo, kisha ikarudi kwa safari kama hiyo. Safari ya data kwenda na kurudi ilichukua sekunde moja hadi mbili, na kampuni zililipa fedha za kigeni ili Wakenya wazungumze na Wakenya.

Novemba 2000 chama cha kampuni hizo kilianzisha kituo cha KIXP jijini Nairobi ili data za ndani zibaki ndani. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaamuru kituo kifungwe mwezi uliofuata. Kilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya kupewa leseni. Tangu hapo muda ule wa sekunde moja au mbili uliteremka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Tutafakari jambo hili. Katika kipindi chote cha kufungwa, vipanga njia havikukosea. Vilikokotoa sawasawa juu ya ramani vilivyopewa. Ramani ndiyo iliyonyimwa njia. Jirani alikuwa mbali kwa sababu ofisi fulani iliamua hivyo, na mashine zilitii. Hali hii haikwisha na setilaiti. Mikongo ya baharini ilipofika Mombasa kuanzia mwaka 2009, ramani ilichorwa upya. Na tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, njia kadhaa zilifutwa na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabanana katika njia zilizosalia. Kila mara mwananchi wa ufuo wa ziwa huambiwa tu kwamba "mtandao uko chini". Hana msamiati wa kuuliza zaidi ya hapo.

Hapo ndipo ilipo kazi yetu. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jamhuri ya Kenya pamoja na kuwa lugha ya taifa. Urasmi huo utakuwa wa maandishi tu ikiwa mwananchi hawezi kuuliza kwa Kiswahili: mnapima nini? Nani aliweka upendeleo huo? Kwa nini Mbita iko mbali?

Pendekezo na pingamizi

Ninapendekeza tutumie "kipimo cha njia" kwa dhana ya jumla, na tusikubali neno "umbali" lichukue nafasi yake, kwa kuwa umbali ni aina moja tu ya kipimo. Chini yake tutofautishe hatua, gharama, ucheleweshaji na upendeleo. Aina tatu za itifaki ziitwe itifaki za masimulizi, za ramani na za silsila, kulingana na namna kila moja inavyopashana habari.

Nafahamu pingamizi mbili. Ya kwanza husema kwamba tukope tu maneno ya Kiingereza na kuyatohoa, maana wahandisi wote wamesomea Kiingereza. Sipingi utohoaji, "intaneti" imetoholewa na haijatudhuru. Lakini mwandalizi wa istilahi hamwandalii mhandisi, ambaye tayari anaelewa. Anamwandalia mwalimu, mwanahabari, mbunge na mteja. Kwao neno "silsila" linafundisha. Neno lililokopwa bila maelezo linanyamazisha.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kwamba "masimulizi" na "silsila" ni sitiari, na sayansi haijengwi kwa sitiari. Ningejibu kwamba maneno ya Kiingereza ya fani hii nayo ni sitiari. Hakuna umbali wa kweli ndani ya jedwali la RIP, wala hakuna shilingi inayolipwa katika gharama ya OSPF. Hatari ya sitiari iko pale inapotumiwa bila kueleza mpaka wake. Kwa sababu hiyo kamusi ya istilahi haitoshi. Tunahitaji maandishi yanayofafanua, yenye mifano na hesabu, ili neno lipimwe kwa kazi. Mradi wa kutafsiri programu huria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba wanaisimu na wataalamu wa tarakilishi wanaweza kuketi meza moja. Walitafsiri vitufe na menyu. Kilichobaki ni kutafsiri fikra zilizo nyuma ya vitufe hivyo.

Hitimisho

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ambayo mabaraza makubwa hayana. Vinakutana na wanafunzi wa tarakilishi katika mabweni na maktaba zilezile. Kila chama kichague dhana moja kwa muhula, kimwalike mwenzetu wa idara hiyo aieleze, kisha kiandike maelezo yake kwa Kiswahili sanifu na kuyasoma mbele ya mtu asiyejua lolote kuihusu. Akielewa, istilahi imefaulu. Asipoelewa, irudishwe kiwandani bila aibu.

Wahadhiri wetu nao wakubali kazi za aina hii kuwa tasnifu halali za isimu, si vituko vya pembezoni. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini data za Kisumu zilipanda setilaiti ili kufika Kisumu amefanya kazi ya lugha, na pengine kazi ya uraia pia. Tuache kuhesabu tuna maneno mangapi ya kisayansi, tuanze kuhesabu ni mambo mangapi tunayoweza kuyaeleza.